Waazteki walijenga mlima, Wainka waliufuata

Februari 21, 1978, mafundi wa kampuni ya umeme walikuwa wakichimba ardhi kwenye kona ya mitaa ya Guatemala na Argentina, katikati ya Jiji la Meksiko, nyuma kidogo ya kanisa kuu la Kikatoliki. Wakagonga jiwe lililochongwa. Udongo ulipoondolewa likajitokeza jiwe la duara lenye kipenyo cha zaidi ya mita tatu na uzito wa tani nane hivi. Juu yake amechongwa mwanamke aliyekatwa vipande: kichwa kimetenganishwa na kiwiliwili, mikono na miguu imesambaa kandokando, mifupa inachungulia penye kila jeraha. Mashavuni ana njuga. Kiunoni amejifunga nyoka, na fundo la mkanda huo ni fuvu la mtu.

Mwanamke huyo ni Coyolxauhqui, mungu wa Waazteki aliyeuawa na mdogo wake. Jiwe lilikuwa palepale lilipowekwa na waashi wa karne ya 15, chini ya ngazi za Templo Mayor, hekalu kuu la mji wa Tenochtitlan. Serikali ya Meksiko ikabomoa majengo yaliyokuwa juu yake, na mwanaakiolojia Eduardo Matos Moctezuma akaongoza ufukuzi uliolirudisha hekalu hilo mbele ya macho ya watu baada ya kufukiwa kwa zaidi ya karne nne.

Maelfu ya kilomita kusini, katika mji wa Cusco nchini Peru, hekalu kuu la Wainka halikuhitaji kufukuliwa kwa namna hiyo. Kuta zake zimesimama hadi leo, zimebeba nyumba ya watawa wa Kidominiko. Anayetaka kuyaelewa mataifa hayo mawili na aanze na majengo hayo mawili, kwa sababu kila moja linatoa jibu lake kwa swali moja: binadamu anawezaje kuusogelea mlima mtakatifu?

Hawakujuana

Vitabu vingi huwataja Waazteki na Wainka pamoja kana kwamba walikuwa majirani. Hakuna ushahidi kwamba mfalme wa upande mmoja aliwahi kupata habari za mwenzake wa upande wa pili. Lakini nyota zao zilipanda karibu wakati mmoja. Mwaka 1428 Wameksika, ndilo jina ambalo Waazteki wa Tenochtitlan walijiita, waliungana na miji ya Texcoco na Tlacopan na kuanza kujenga dola. Kwa hesabu inayofuatwa na wengi, mwaka 1438 Pachacuti alishika utawala wa Cusco na kuanza kuugeuza mji huo kuwa makao makuu ya himaya iliyokuja kuenea kuanzia Ekuador hadi Chile.

Haikufika miaka 100 kabla ya Wahispania kuziangusha dola zote mbili. Ndani ya muda huo mfupi, bila chuma, bila gari la magurudumu na bila ng'ombe wala farasi wa kuvuta mizigo, watu hawa walijenga mahekalu yanayowashangaza wahandisi mpaka sasa. Wainka walikuwa na llama, lakini mnyama huyo hubeba mzigo mdogo tu mgongoni. Mawe makubwa yalivutwa na watu kwa kamba.

Kilichowatofautisha zaidi ni ardhi waliyoikuta. Waazteki walitua kisiwani penye tope, wakalazimika kuujenga mlima wao. Wainka walikaa katikati ya milima iliyokwisha kuwa mitakatifu, wakalazimika kujifunza kuihudumia. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona katika kila ngazi na kila ukuta.

Mlima katikati ya ziwa

Tenochtitlan ulianzishwa mwaka 1325 kwenye kisiwa cha Ziwa Texcoco. Kwa mjenzi lilikuwa eneo baya: maji yako karibu, udongo ni laini, na kila kizito kinadidimia. Waashi walipigilia vigingi vingi vya mti chini ili kuushika msingi. Kuta walizijenga kwa wingi kwa tezontle, jiwe la volkano lenye vitundu vingi, lililo jepesi kuliko mawe mengine na kwa hiyo halielemei sana ardhi teketeke. Juu yake walipiga lipu ya chokaa, kisha wakapaka rangi. Mgeni anayetazama magofu ya kijivu leo hana budi kukumbuka kwamba waliokuwa wakifika hapo mwaka 1500 waliona jengo linalong'aa kwa wekundu, buluu na weupe.

Templo Mayor lilikuwa piramidi la ngazi pacha zilizotazama machweo, lenye urefu unaokadiriwa kufikia mita 45. Juu kabisa palikuwa na vihekalu viwili vilivyosimama bega kwa bega. Cha kusini kilikuwa cha Huitzilopochtli, mungu wa jua na vita. Cha kaskazini kilikuwa cha Tlaloc, mungu wa mvua. Kwa wakulima waliotegemea mahindi na askari walioishi kwa kodi za miji waliyoishinda, mvua na vita ndizo zilizoleta chakula.

Upande wa kusini ulikuwa mfano wa mlima Coatepec. Hadithi ya Wameksika inasema kwamba huko ndiko Coatlicue, mama wa miungu, alikopata ujauzito kwa njia ya ajabu alipokuwa akifagia. Binti yake Coyolxauhqui, akiona mama amewaaibisha, aliwakusanya ndugu zake ili wamuue. Wakati wanapanda mlima, Huitzilopochtli akazaliwa akiwa na silaha mkononi, akamkata dada yake na kuuporomosha mwili wake hadi bondeni.

Sasa lirudie lile jiwe. Lililazwa chini ya ngazi za upande huo huo wa kusini. Mateka aliyetolewa kafara kileleni, maiti yake ilisukumwa kwenye ngazi, ikadondoka pale alipodondoka Coyolxauhqui. Umati uliosimama uwanjani uliona tukio la mwanzo wa dunia yao likitendeka upya mbele yao. Hekalu lilikuwa mlima na jukwaa kwa pamoja, na lilijengwa ili lionekane.

Upande wa Tlaloc ulikuwa na ujumbe wake. Wanaakiolojia wamefukua zaidi ya sadaka 150 zilizofichwa ndani na kandokando ya Templo Mayor, na nyingi zinazungumzia maji: kombe na matumbawe kutoka bahari zote mbili, samaki, mamba. Vimo pia vinyago vilivyotoka katika majimbo ya mbali, na kimoja cha Waolmeki wa kale ambacho tayari kilikuwa kimezeeka zaidi ya miaka 2,000 Wameksika walipokifukia. Dola nzima, pamoja na historia iliyoitangulia, ilikusanywa na kuwekwa tumboni mwa jengo moja.

Hekalu ndani ya hekalu

Templo Mayor halikujengwa mara moja. Wataalamu wametambua hatua kuu saba za ujenzi, kila moja ikilifunika kabisa jengo lililotangulia, kama sufuria zilizofudikizwa moja juu ya nyingine. Ardhi ilididimia na mafuriko yalikuja, basi kuinua kulihitajika. Lakini pia kila mtawala alitaka mlima wa enzi yake uwe mrefu kuliko wa aliyemtangulia, na mawe, chokaa na nguvu za watu zilidaiwa kutoka miji iliyoshindwa. Kupanuka kwa hekalu kulikuwa kupanuka kwa dola.

Tabia hiyo ya kufunika imetuachia neema. Wahispania walibomoa tabaka la juu, lakini hawakujua kwamba ndani kulikuwa na hekalu zima la mwaka 1390 hivi. Leo mgeni anaweza kuviona vihekalu vyake viwili. Mbele ya kile cha Huitzilopochtli limesimikwa jiwe la kafara. Mbele ya kile cha Tlaloc amelala chacmool, sanamu ya mtu aliyeegemea viwiko na kushika chombo tumboni, angali na rangi mwilini.

Cusco: patakatifu penye paa la nyasi

Ukitoka kwenye piramidi hilo na kuingia Coricancha, hekalu la Jua mjini Cusco, jambo la kwanza litakalokushangaza ni kwamba hakuna cha kupanda. Hekalu takatifu kuliko yote katika himaya ya Wainka lilikuwa vyumba vilivyouzunguka ua, ndani ya ukuta. Huo ndio mpangilio wa kawaida wa makazi ya Wainka, kuanzia ya mkulima hadi ya mfalme. Paa lilikuwa la nyasi. Jua lilipewa nyumba kama nyumba za watu, ila ya heshima ya juu kabisa.

Heshima hiyo ilionekana katika kazi. Wahispania wa kwanza kufika Cusco mwaka 1533, waliotumwa kukusanya fidia ya mfalme Atahualpa aliyekuwa mateka, walikuta kuta zimevikwa mabamba ya dhahabu, wakayabandua kwa mamia. Waandishi wa wakati huo wanataja pia bustani ya mahindi yaliyofuliwa kwa dhahabu. Yote yaliyeyushwa. Kilichobaki ni jiwe, na jiwe hilo linatosha.

Tazama ukuta wake uliopinda, chini ya kanisa la Santo Domingo. Mawe meusimeusi yamepangwa safu kwa safu, kila safu ikipungua kimo kidogo kadiri ukuta unavyopanda. Ukuta wote unaegemea ndani. Hakuna chokaa kati ya jiwe na jiwe, na kiungo ni chembamba kiasi kwamba kidole hakipati pa kushika. Ndani, milango na mashubaka ni mapana chini na membamba juu, na mashubaka yamepangwa kwa vipimo vinavyolingana ukuta mzima.

Pia Coricancha haikuishia kwenye ukuta wake. Kutoka hapo ilitawanyika mistari ya kufikirika, iliyoitwa ceque, ikielekea pande zote za bonde la Cusco. Kwenye mistari hiyo palikuwa na huaca zaidi ya 300, yaani mahali patakatifu palipohudumiwa na koo maalumu kwa siku maalumu. Padri Bernabé Cobo aliziorodhesha katika karne ya 17. Chache zilikuwa majengo. Nyingi zilikuwa chemchemi, miamba, vilima na mapango. Kwa maneno mengine, hekalu la Wainka lilikuwa bonde zima, na Coricancha ilikuwa kitovu chake.

Nyundo ya mawe na subira

Mawe ya Coricancha na majumba ya Cusco yalitoka sehemu kubwa Rumiqolqa, machimbo yaliyo kilomita 35 hivi kusini mashariki mwa mji. Yalichongwaje bila chuma? Msanifu majengo Jean-Pierre Protzen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliamua kujaribu mwenyewe. Alitumia mawe magumu ya mtoni kama nyundo, aina ileile iliyokutwa imetapakaa machimboni. Katika saa moja na nusu hivi aliweza kulainisha nyuso tatu za jiwe dogo. Alionyesha pia kwamba vidoa vinavyobaki juu ya jiwe lililogongwa namna hiyo ndivyo vidoa vinavyoonekana kwenye kuta za Wainka, vikubwa katikati ya jiwe na vidogo kwenye kingo ambako fundi alitumia nyundo ndogo. Siri ilikuwa mikono mingi, jicho lililozoea na kurudia tena na tena hadi jiwe likubali kukaa.

Ukubwa wa kazi hiyo unaonekana kwenye ngome ya Ollantaytambo. Juu ya ngome hiyo wamesimamishwa majabali sita ya mawe ya waridi, marefu kuliko mtu mara mbili, mazito kiasi cha makumi ya tani. Kati ya jabali na jabali pamechomekwa ukanda mwembamba wa jiwe, uliokatwa ukaingia sawasawa. Machimbo yake, Kachiqhata, yako upande wa pili wa mto Urubamba, juu mlimani. Kila jabali liliteremshwa, likavushwa mto, kisha likapandishwa kilima kingine. Kazi hiyo haikukamilika. Njiani mpaka leo yamelala mawe makubwa ambayo wenyeji huyaita mawe yaliyochoka.

Nguvu kazi ilitoka kwenye mita, zamu ya utumishi ambayo kila jamii ilidaiwa na dola. Pedro Cieza de León, aliyeizuru Cusco mwaka 1550, aliandika kwamba watu 20,000 walipangwa kwa zamu kujenga Sacsayhuamán, ngome na nyumba ya Jua iliyo juu ya mji: 4,000 machimboni, 6,000 kwenye kamba za kuvutia, na waliobaki wakichimba misingi na kukata miti.

Machu Picchu, iliyojengwa na Pachacuti karibu na mwaka 1450, inaonyesha mahali ustadi huo ulipokutana na imani. Hekalu la Jua hapo limejengwa likikumbatia mwamba wa asili. Waashi waliuacha mwamba ndani ya chumba, wakauzungushia ukuta wa duara, na dirisha moja wakalielekeza kwenye macheo ya siku ya Juni ambayo kusini mwa ikweta huwa fupi kuliko zote. Mwisho wa mji limesimamishwa jiwe pana ambalo ukingo wake wa juu unafuata umbo la milima iliyo nyuma yake. Mwazteki angejenga mlima hapo. Mwinka alikuwa nao tayari, akauwekea jiwe la kuuitikia.

Damu ilimwagika kote

Msomaji anaweza kushawishika kuona Waazteki kama washenzi na Wainka kama watu wapole wa milimani. Asikubali. Ni kweli kafara za Tenochtitlan zilikuwa nyingi na za hadharani. Vitabu vya enzi ya Wahispania vinataja watu zaidi ya 80,000 waliochinjwa mwaka 1487, mfalme Ahuitzotl alipozindua upanuzi wa hekalu. Watafiti wengi wanaiona idadi hiyo kuwa haiwezekani. Hata hivyo kafara zenyewe hazina shaka: ufukuzi ulioanza mwaka 2015 kwenye mnara wa mafuvu karibu na Templo Mayor umefichua mafuvu zaidi ya 600, yakiwamo ya wanawake na watoto.

Wainka nao walitoa watoto. Kafara hiyo, capacocha, ilifanyika mbali na umati, juu ya milima yenyewe. Mwaka 1999 wanaakiolojia Johan Reinhard na Constanza Ceruti walikuta miili ya watoto watatu kwenye kilele cha Llullaillaco, mpakani mwa Argentina na Chile, mita 6,739 juu ya usawa wa bahari, yaani juu kwa zaidi ya mita 800 kuliko kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro. Baridi ilikuwa imewahifadhi pamoja na nguo zao na visanamu vya dhahabu. Waazteki waliwapandisha watu kwenye mlima wa kujengwa, mbele ya mji mzima. Wainka waliwapandisha watoto kwenye mlima wa kweli, mbele ya theluji. Tuyasifu majengo, lakini tusiwasahau waliolipa kwa uhai wao.

Palipovukwa mipaka

Historia haikubali mstari ulionyooka sana. Waazteki nao walijua kuchonga mwamba. Huko Malinalco, kazi iliyoanza mwaka 1501 chini ya Ahuitzotl, chumba cha duara kilichimbwa ndani ya jabali hai. Mlango wake ni kinywa kilichoachama cha mnyama wa kutisha, na ndani wamechongwa tai na chui waliolala kama viti. Wainka nao walijua kupanda ngazi. Vilcashuamán, katika Peru ya leo, kuna jukwaa la mawe la ngazi kwa ngazi, lenye kiti cha jiwe juu yake, ambapo mtawala alionekana na kutoa sadaka ya vinywaji kwa Jua na ardhi. Jukwaa la namna hiyo, ushnu, lilijengwa katika miji mingi ya himaya ili watu walioshindwa wajue nani yuko kati yao na miungu.

Tofauti basi ni ya uzito. Kila upande ulijua njia ya mwenzake, ila ulichagua kuweka moyo wake kwingine.

Mshindi alipojenga juu yake

Tenochtitlan uliangukia mikononi mwa Mhispania Hernán Cortés na washirika wake wenyeji wa Tlaxcala Agosti 13, 1521. Templo Mayor likavunjwa na mawe yake yakajenga nyumba na makanisa. Kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1573 limekuwa likididimia kwa kuinama kwa karne nyingi, kwa sehemu kwa sababu limekaa juu ya masalia ya majengo ya Kiazteki, ambapo ardhi ni ngumu huku na laini kule.

Cusco, washindi waliona ni rahisi kuzitumia kuta kuliko kuzibomoa. Wadominiko walipewa Coricancha na wakajenga juu yake. Tetemeko la mwaka 1650 likaangusha jengo lao. Likajengwa upya, na Mei 21, 1950 tetemeko jingine likaliharibu vibaya tena. Mara zote mbili kuta za Wainka zilibaki. Kuegemea ndani, milango inayopungua juu na mawe yanayoweza kutikisika na kurudi mahali pake vilikuwa maarifa ya watu walioijua ardhi yao. Baada ya tetemeko la 1950 kuta nyingi zilizokuwa zimefichwa ziliachwa wazi.

Tuwape haki yao

Bado wapo wanaosambaza video na vitabu vinavyodai kwamba majengo haya yalijengwa na viumbe kutoka sayari nyingine au taifa lililopotea. Madai hayo yanaonekana burudani tu, lakini yanamnyang'anya mtu jasho lake. Sisi Waafrika tunaijua dhuluma hiyo. Kwa miongo kadhaa walowezi walisisitiza kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na wageni, ingawa mwanaakiolojia David Randall-MacIver alikwisha kuonyesha mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson akathibitisha mwaka 1929, kwamba ilijengwa na Waafrika.

Ushahidi wa Meksiko na Peru ni wa wazi vilevile. Machimbo yanajulikana, nyundo za mawe zimeokotwa, vigingi vimefukuliwa, na wajukuu wa wajenzi wangali hai wakizungumza Kinahuatl na Kiquechua. Mwalimu anayefundisha historia ya dunia, mzazi anayemwonyesha mwanawe picha ya Machu Picchu, na kijana anayetaka kusambaza video ya viumbe vya angani, nawasihi waseme kwanza jina la waliofanya kazi: Wameksika walijenga Templo Mayor, na Wainka walijenga Coricancha.